Bati la biskuti la Isamilo: bei ya haki ya kadi ya Jordan ilivyotafutwa

Bei mbili zilitajwa mezani, na zilipishana kama mbingu na ardhi. Mnunuzi wa vitu vya kale, aliyefika Mwanza kutoka mkoa mwingine, alisema laki nane kwa bati zima la kadi za mpira wa kikapu, taslimu, papo hapo. Kijana wa familia akainua simu na kuonyesha dola 738,000, bei ya kadi moja ya Michael Jordan iliyouzwa mnadani. Mwenye mali, mama mjane wa Isamilo, hakutaja bei yoyote. Alisema tu: "Mimi sitaki kudhulumiwa, na sitaki kumdhulumu mtu."

Niliitwa kwa sababu nafuatilia soko la kadi za wachezaji, zile karatasi ngumu ndogo zenye picha ya mchezaji ambazo watu hukusanya na kuuziana. Mama ameniruhusu nikieleze kisa hiki bila majina, na nimeona kinafaa kuelezwa chote, kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa na kielelezo cha kweli mkononi, na bado hakuna iliyokuwa na bei ya haki.

Ndani ya bati, lile la biskuti lenye mfuniko wa kubana, kulikuwa na kadi za mpira wa kikapu mia mbili na ushee. Marehemu mumewe alisoma Marekani katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Alikuwa mchezaji, na alinunua kadi kama vijana wa kule walivyonunua: pakiti ya bei ndogo dukani, ndani kadi 12, stika moja na bigijii. Hizo ni za kampuni ya Fleer, msimu wa 1986-87, seti yenye kadi 132. Nyingine nyingi ni za kati ya 1990 na 1992, ambazo rafiki yake alimtumia baada ya yeye kurudi nyumbani.

Nianze na hizi za mwisho kwa kuwa hazina mengi. Miaka ile viwanda vya kadi Marekani vilichapa bila kiasi. Watu walikuwa wamesikia kwamba kadi za zamani zimekuwa mali, wakanunua maboksi kwa maboksi na kuyahifadhi yakiwa hayajafunguliwa, wakingoja utajiri. Walipokuja kuyafungua, kila mtu alikuwa na kile kile. Humo ndani zimo kadi za mwanzo za Dikembe Mutombo, za msimu wa 1991-92, na kijana alizishangilia kwa jina la Mutombo. Ni mchezaji mkubwa, Mkongo aliyeheshimika duniani hadi alipofariki 2024, lakini kadi hizo zipo kwa wingi usiohesabika. Ukubwa wa mchezaji peke yake haupandishi bei. Lazima pia kadi iwe imebaki kwa uchache. Kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa Marekani, ya 1909 hadi 1911 imefika mamilioni ya dola kwa sababu zinazojulikana kubaki ni kama 60 tu. Zile za 1990 hadi 1992 tulizitenga upande, tukaziwekea thamani ya jumla ambayo haikuzidi nauli ya basi kwenda Dar es Salaam, tukaachana nazo.

Zilibaki za Fleer, chache, na kati yake mbili zenye jina. Moja ni namba 82, Olajuwon wa Nigeria, ambaye kwenye kadi ameandikwa "Akeem" kwa kuwa wakati ule ndivyo jina lake lilivyoandikwa. Ya pili ni namba 57, Michael Jordan.

Hii namba 57 ndiyo kadi ya mpira wa kikapu inayotafutwa kuliko nyingi duniani, na kwa hiyo ndiyo inayoghushiwa kuliko nyingi. Nilimwambia kijana aweke simu chini kwanza. Bei ya kadi ambayo hujaithibitisha ni bei ya karatasi.

Tulikwenda kwa fundi saa mmoja kule Makoroboi, akatuazima lensi yake ya jichoni. Kadi za wakati ule zilichapwa kwa ofseti: ukiikuza picha, unaona vidoti vya rangi nne vimejipanga mithili ya maua madogo madogo. Lakini maandishi meusi huchapwa kwa wino mzito, kingo zimenyooka, hakuna vidoti. Anayeghushi kwa kawaida hupiga kadi halisi skani kisha anaichapa upya, na mashine yake inageuza kila kitu kuwa vidoti, pamoja na maandishi. Hapo ndipo wengi hukamatwa. Yetu ilikuwa safi.

Bado hiyo haikutosha, na hapa bati lilitusaidia kuliko lensi. Palikuwa na kadi nyingine za seti ile ile, za wachezaji ambao hakuna mtu anahangaika kuwaghushi. Tulizilaza pamoja. Unene ule ule, ugumu ule ule wa karatasi, wekundu na bluu ya nyuma vimefifia kwa kiasi kile kile, ukubwa ule ule wa milimita 63.5 kwa 88.9. Kadi ya bandia inaweza kufanana na picha ya mtandaoni. Kufanana na ndugu zake walioishi nayo bati moja kwa zaidi ya miaka 30 ni kazi nyingine. Ushahidi wa namna hii hauonekani kwenye picha ya WhatsApp, na ndiyo maana mtu anayeuza kadi moja ya thamani asizitupe zile zisizo na thamani zilizokaa nayo.

Baada ya uhalisi, hali. Hapa ndipo penye fedha yote, na hapa ndipo kijana na mnunuzi walikuwa wanazungumza juu ya vitu viwili tofauti huku wakidhani ni kimoja.

Kampuni za kupanga madaraja, kubwa zaidi ikiwa PSA iliyoanza 1991, huipokea kadi, huikagua, huipa daraja kuanzia 1 hadi 10, kisha huifungia kwenye kasha gumu la plastiki lenye namba ya cheti. Wanaangalia pembe nne, kingo, uso, na namna picha ilivyokaa katikati ya mipaka yake. Kadi hizi za Fleer za 1986 zina udhaifu wake: mipaka ina rangi, kwa hiyo hata kujimega kidogo ukingoni kunaonyesha weupe wa karatasi, na nyingi zilikatwa kiwandani zikiwa zimeegemea upande. Zaidi ya kadi 20,000 za Jordan namba 57 zimepelekwa PSA, na zilizopata 10 ni mia tatu na kitu tu.

Dola 738,000 alizoziona kijana ni za kweli. Kadi mbili ziliuzwa kwa bei hiyo mnadani mwishoni mwa Januari 2021. Zote mbili zilikuwa daraja la 10. Na wakati ule soko lilikuwa na homa: watu wamefungiwa majumbani kwa Korona, filamu ya mfululizo kuhusu Jordan imetoka mwaka uliotangulia, pesa zinatafuta pa kwenda. Kabla mwaka haujaisha, kadi ya daraja lile lile ilikuwa inauzwa kwa kama dola 200,000. Aliyenunua Januari alinunua kadi ile ile halisi, nzuri ile ile, na ndani ya miezi michache akapoteza zaidi ya nusu ya fedha yake. Kwa kisa chetu, mauzo yale hayakufaa hata kwa kadi za daraja la 10 za leo, sembuse hii.

Hii yetu ilikuwa na mkunjo pembeni juu, mwepesi lakini unaoonekana bila lensi. Pembe mbili zimelainika. Picha imeegemea kushoto, kama 35 kwa 65, yaani mpaka wa kushoto ni mwembamba na wa kulia ni mpana karibu mara mbili. Katikati ya ukingo wa chini kulikuwa na kijishimo, alama ya mpira wa kufungia noti ambao marehemu alizungushia fungu lake. Kwa vigezo vya PSA, kadi yenye mkunjo mwepesi unaoonekana kwa kawaida hutua kwenye 4 au 3. Sikuweza kumuahidi mama zaidi ya hapo.

Wauzaji wa mabondo ya sangara, ile mifuko ya hewa ya samaki, pale soko la Mwaloni hawahitaji kuelezwa jambo hili. Bondo moja kubwa halina bei ya mabondo madogo kadhaa yenye uzito sawa; bei inaruka, haitembei. Daraja la kadi liko hivyo. Kutoka 4 kwenda 5 ni ngazi fupi. Kutoka 9 kwenda 10 ni mlima, na juu ya mlima huo ndipo iliposimama bei ya kijana.

Kijana aliposikia habari ya pembe kulainika, alitoa wazo ambalo lilinishtua: achukue kisu cha kukatia karatasi na rula ya chuma, apunguze nusu milimita kila upande, pembe ziwe kali tena. Hakuwa na nia mbaya. Lakini kadi iliyopunguzwa hurudishwa na kampuni za madaraja ikiwa imetajwa kuwa imechezewa, na kuanzia hapo inakimbiwa. Vivyo hivyo kuipiga pasi mkunjo, kuifuta kwa kitambaa chenye maji, kupaka rangi penye weupe. Nimeona watu wakipoteza kadi nzuri kwa usafi. Kadi ya zamani ikikufikia, iingize kwenye kifuko laini cha plastiki, kisha kwenye kishikizi kigumu, iweke pakavu, basi. Kwa nyumba za kandokando ya ziwa, unyevu ndiyo adui wa kwanza, na nadhani lile bati lenye mfuniko wa kubana liliokoa sehemu kubwa ya thamani bila mtu kukusudia.

Sasa bei yenyewe. Mtandaoni kuna bei za aina mbili na watu wengi hutazama moja tu. Kuna bei inayoombwa: mtu ameweka kadi yake eBay, soko la mtandaoni, kwa dola 15,000, na inaweza kukaa pale miaka bila kuguswa. Na kuna bei iliyouzwa. Kule eBay kuna kichujio cha vitu vilivyokwisha kuuzwa, na PSA wana kumbukumbu zao za matokeo ya minada. Hizo ndizo za kusoma. Hata ndani ya hizo kuna mitego. Muuzaji akikubali ofa ya chini, eBay huonyesha bei ya kwanza imekatwa mstari, bila kuonyesha kiasi kilichokubaliwa. Ukiisoma harakaharaka unajidanganya. Nyingine zilitangazwa kuuzwa na mnunuzi hakulipa, kadi ikarudi sokoni wiki chache baadaye.

Tulikaa na kijana tukatafuta mauzo ya karibuni ya kadi namba 57 za daraja la 3 na la 4. Tulitupa iliyozidi zote na iliyopungua zote, tukatazama katikati. Zilikuwa zinazunguka dola 2,000, hii chini kidogo, ile juu kidogo. Kijana alinyamaza. Kutoka 738,000 hadi 2,000 ni anguko, na sikutaka kulipunguza makali kwa maneno matamu. Nilimwambia tu kwamba 2,000 ni ya kweli na ile nyingine haikuwa yake kamwe.

Lakini 2,000 ni bei ya huko, ya kadi iliyo ndani ya kasha, mbele ya maelfu ya wanunuzi. Kadi ya mama iko Isamilo, haina kasha, na kwa kadi yenye bandia nyingi namna hii, isiyo na cheti hupata pungufu kubwa. Tukapiga hesabu ya safari, kwa dola moja shilingi 2,500 ili iwe nyepesi. Ada ya eBay ni karibu asilimia 13, yaani dola 260. Kuisafirisha kwa kampuni ya vifurushi ikiwa na bima, pamoja na ada ya kupangiwa daraja, tulitenga dola 300. Zinabaki 1,440, sawa na shilingi 3,600,000. Hicho ndicho mama angekipata kama kila kitu kingekwenda sawa, kama angekuwa na akaunti ya kuuzia na njia ya kupokea malipo, na kama angesubiri miezi.

Laki nane ya mnunuzi ilikuwa chini ya robo ya hapo, na kwa bati zima.

Aliporudi, nilimuuliza mbele ya mama kama aliifahamu kadi namba 57 siku ile ya kwanza. Hakukana. Alijibu kwa utulivu, na maneno yake yanastahili kusikilizwa kwa haki. Alisema fedha yake ingelala miezi. Alisema kadi ikirudi imetajwa kuwa ya bandia au imechezewa, hasara ni yake peke yake, mama hatadaiwa. Alisema kifurushi kinaweza kupotea, na kwamba yeye ndiye anayejua njia, na kuijua kumemgharimu miaka. Yote hayo ni kweli. Mtu anayebeba hatari na anayejua njia anastahili faida, tena faida ya kueleweka. Ningemwona mama anadhulumu kama angedai zile 3,600,000 zote taslimu siku hiyo.

Ambalo sikulikubali, na silikubali hadi leo, ni ukimya. Kulikuwa na watu wawili mezani, mmoja anajua kilichomo ndani ya bati, mwingine ni mjane anayeuza vitu vya marehemu. Akataka kununua bati "zima", akizichanganya zile za Mutombo na ile ya Jordan ili jicho lisitue kwenye kadi moja. Wapo wanaosema biashara ndivyo ilivyo, kila mtu na macho yake. Mimi nasema anayenunua kwa anayejua sawa naye anaweza kukaa kimya. Anayenunua kwa asiyejua, akijua kwamba hajui, ukimya wake tayari ni sehemu ya bei. Ndiyo maana katika kutafuta bei ya haki sikuanza na asilimia ya faida. Nilianza na kumtaka aitaje kadi kwa namba yake na aseme anaiona daraja gani. Alisema 4, labda 3. Tulikuwa tumeafikiana bila kupatana mapema, na kuanzia hapo mazungumzo yalikuwa ya watu wawili wanaotazama kitu kimoja.

Nilipendekeza robo ya zile 3,600,000 iwe yake kwa kusubiri na kubeba hatari, kwa hiyo mama alipwe 2,700,000 kwa kadi ya Jordan peke yake. Yeye akasema 2,200,000. Nilimweleza mama njia ya pili pia: asiuze sasa, atafutwe mtu wa kumuuzia kwa kamisheni, asubiri, huenda akapata zaidi, huenda akapata pungufu. Alifikiri kidogo. "Mwanangu, mimi sina miezi ya kungoja, na sitaki kulala nikiwaza kifurushi kimefika wapi."

Kilichobaki kati yao kilikuwa daraja. Mnunuzi aliogopa 3, mama aliogopa kuuza 5 kwa bei ya 4. Hofu hizo mbili zinaweza kuandikwa kwenye karatasi, kwa sababu daraja halitakuwa siri: namba ya cheti ya PSA mtu yeyote anaweza kuiingiza kwenye tovuti yao na kuona ni kadi gani na imepata ngapi. Walikubaliana 2,500,000 taslimu, na kama kadi ikipata 5 au zaidi, mnunuzi aongeze 500,000. Ikipata 3, mama harudishi kitu. Mnunuzi alitakiwa amletee kijana namba ya cheti mara tu matokeo yakitoka. Tulipiga picha mbele na nyuma, mkunjo ukionekana vizuri, ili isije ikadaiwa baadaye kwamba ni kadi nyingine. Wakatia saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Ningependelea 2,700,000, na nilimwambia mama hivyo. Lakini kile kipengele cha daraja kwangu kina uzito kuliko ile laki mbili iliyopungua. Kinafanya asiyejua asilazimike kumwamini anayejua. Anaangalia namba mwenyewe.

Kadi ilipata 4. Namba ya cheti ililetwa kwa ujumbe wa simu, kijana akaiingiza, ikalingana na picha. Hapakuwa na nyongeza ya kulipa, na hakuna aliyelalamika.

Ile ya Olajuwon haikuuzwa. Ina doa la bigijii nyuma na pembe zimechoka, kwa hiyo hata mauzo ya kule ni makumi ya dola tu, na ada ya kuipangia daraja ingemeza sehemu kubwa. Mnunuzi alitoa shilingi 80,000, nikamwambia mama hiyo inakaribia kuwa sawa. Alisema ataibakiza.